Barua ya Katekista: Tukae Quito Siku Ngapi?

Tumepokea barua ya katekista mmoja wa pande za Butembo. Binti yake, aliye sista, ataweka nadhiri za daima mjini Quito, mji mkuu wa nchi ya Ekuador, katika Amerika ya Kusini. Wakristo wa mtaa wao wamechanga fedha ili baba na mama wapate kwenda kuishuhudia siku hiyo. Basi baba asema siku nne zatosha. Mama naye ataka mwezi mzima, kwa kuwa hajamwona mtoto wake tangu miaka sita. Wamesikia ya kuwa sisi tulifika huko mwaka 2024, kwa Kongamano la 53 la Ekaristi la Kimataifa, wakatuomba tuwaamue.

Si kazi nyepesi kuamua kati ya mume na mkewe. Lakini katekista ameandika maneno haya: «Bwana Mwandishi, fedha ni za watu, na mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.» Hapo ndipo lilipo kosa la hesabu yake, kwa maana mjini Quito mgeni wa siku mbili hawezi hata kuliinua hilo jembe.

Quito uko mita 2,850 juu ya bahari, ubavuni mwa mlima wa moto uitwao Pichincha. Ninyi watu wa Butembo mtasema kwamba nanyi ni watu wa milimani. Ni kweli, lakini Quito waupita mji wenu kwa mita kama elfu moja. Kule hewa ni nyembamba. Kwa kila pumzi mtu hupata kama sehemu saba tu katika kumi za hewa ambayo angeipata pwani. Hata maji huchemka kabla hayajawa moto kama ya kwetu, kwenye digrii 90 hivi, ndiyo sababu maharagwe hukaa jikoni muda mrefu. Mgeni huumwa kichwa, hukosa usingizi na hamu ya kula; kisha, kwa walio wengi, baada ya siku moja, mbili au tatu mwili huzoea.

Sisi tuliyajua hayo yote, maana tumeyafundisha darasani. Tulifika Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi, kwa kiburi cha mtu ambaye hajaumwa bado, tukapanda yale magari madogo yanayoning'inia kwenye nyaya za chuma, ambayo tangu mwaka 2005 hupeleka watu kwenye mteremko wa Pichincha, karibu mita 4,000. Tulitazama mji wote chini yetu, mrefu na mwembamba kama mto bondeni. Saa sita mchana tulikuwa tukitapika. Dominika ile, tarehe 8 Septemba, watoto zaidi ya elfu moja walipokea Komunyo ya kwanza katika bustani kubwa iliyo mahali pa uwanja wa ndege wa zamani, na Kongamano likafunguliwa. Tulikuwa tumevuka bahari kwa ajili ya Misa ile. Tuliisikiliza kwa redio, tumelala kitandani, tumefunikwa kichwa kwa taulo.

Basi, Baba Katekista, ukifika Alhamisi kwa sikukuu ya Jumamosi, itakuwaje? Mama ameandika mwishoni mwa barua, kwa mwandiko wake mwenyewe, kwamba yuko na tansio. Kwanza amwone daktari kabla ya kununua tiketi, wala si baada yake. Pili, siku mbili za kwanza asipande mlima wowote. Anywe maji, ale kidogo, apumzike. Akishikwa na pumzi fupi hata akiwa amekaa, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, asingoje asubuhi: apelekwe hospitali na ashushwe kwenye nchi ya chini. Tena kuna saa. Jua likichomoza Quito, kwenu ni saa saba mchana. Hivyo usiku wa kwanza mtaamka kabla ya jogoo, mkidhani mmechelewa kazini.

Kuhusu watu waliohesabu vibaya siku zao za Quito, ninyi wanafunzi mtafurahi kusikia habari hii. Mwaka 1735 wataalamu wa Ufaransa, akina Bouguer, Godin na La Condamine, walitumwa kule kupima urefu wa digrii moja ya dunia karibu na ikweta, ili ijulikane kama dunia imebonyea kwenye ncha zake au katikati. Walidhani ni kazi ya miaka michache. Wakafika Quito mwaka 1736, wakapanda milima na kamba zao na vyombo vyao, wakagombana wao kwa wao, na wenzao waliotumwa kaskazini mwa Ulaya kwa kazi ile ile wakamaliza na kurudi nyumbani mwaka 1737. Bouguer na La Condamine hawakuondoka mpaka mwaka 1743. Na mganga wao, Joseph de Jussieu, aliyechunguza mimea, alirudi Ufaransa mwaka 1771! Lakini walipata jibu: dunia imebonyea kwenye ncha, nayo imevimba kwenye ikweta.

Mnara wa ikweta uko karibu kilometa 26 kaskazini mwa mji. Ninyi mnaokwenda Lubero kutoka Butembo huuvuka mstari huo huo bila kupiga picha. Nusu siku yawatosha. Mjue pia kwamba mnara hauko juu ya mstari wenyewe, bali mita 240 hivi kusini yake. Watawaonyesha pia maji yanayozunguka kulia upande mmoja na kushoto upande wa pili, kama wanavyowaonyesha wasafiri kule Kayabwe, Uganda. Mtazameni vizuri mkono wa mtu anayeyamimina.

Makanisa ni jambo lingine. Kanisa la Mtakatifu Fransisko liliasisiwa karne ya 16, na mmoja wa watawa wake wa kwanza, Jodoco Ricke, alikuwa mtu wa Flandre, nchi ambayo mapadri wengi wa kwetu walitoka. Katika shule ya watawa hao vijana wenyeji walijifunza kuimba, kuchora na kuchonga. Baadaye mmoja wa wachongaji wa mji ule, mwenyeji aitwaye Caspicara, alisifiwa hata Ulaya. Kanisa la Wayesuiti lilianzwa mwaka 1605 likamalizika mwaka 1765. Miaka 160 ya kazi, na ndani yake dhahabu imepakwa toka sakafu hata dari. Hapo ndipo ilipo mifupa ya Mtakatifu Mariana wa Yesu, bikira wa Quito, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1950. Wayesuiti walilisalia kanisa lao lililokamilika miaka miwili tu, maana mwaka 1767 mfalme wa Hispania aliwafukuza.

Mama akitoka mle ndani, twamwomba asirudi nyumbani kabla ya kuona bonde la Chota. Hii ndiyo siku ambayo mzee ataka kuikata, nasi twaitetea. Bonde hilo lipo kaskazini, mwendo wa saa kama tatu kwa basi, mbele ya mji wa Ibarra. Ni nchi ya chini, yenye joto na miwa, na wakazi wake ni weusi kama sisi. Wazee wao waliletwa kama watumwa katika mashamba ya miwa, na wengi wa wenye mashamba hayo, hatuna haja ya kuficha, walikuwa Wayesuiti wale wale; faida ya jasho lile ililisha vyuo vyao na kazi zao. Utumwa ulikatazwa na sheria ya Ekuador mwaka 1851. Leo bonde hilo lajulikana kwa ngoma iitwayo bomba na kwa wachezaji wa mpira: Ulises de la Cruz, aliyecheza Kombe la Dunia, alitumia sehemu ya mshahara wake kuleta maji safi na zahanati kijijini kwao Piquiucho.

Tena wapo kule watu ambao jina la ukoo wao ni Congo. Bibi mmoja mwenye jina hilo alitukaribisha kitini mlangoni pake. Alipojua tulikotoka, alituuliza kama nyumbani bado wako watu wa ukoo wake. Sisi tulijua ya kuwa wazee wake walipakiwa merikebuni kwenye pwani ya magharibi, mbali sana na Kivu, na ya kuwa jina lile waliandikiwa na wanunuzi wao. Tulikosa la kumjibu. Tukakaa naye mpaka basi la mwisho likakaribia kutuacha.

Kuhusu fedha za watu, kikubwa ni nauli, nayo hailipwi mara mbili kwa kukaa zaidi. Kule hutumia dola za Marekani tangu mwaka 2000, lakini msiende na noti za mia moja, kwa sababu wenye maduka huzikataa. Chukueni ndogo ndogo, hata sarafu ambazo kwetu hakuna azitakaye. Saa sita mchana mikahawa hutoa supu, wali, nyama na maji ya matunda kwa dola chache. Viazi mnavyoviita vya Kizungu asili yake ni milima ile, wala si Ulaya. Na simbilisi ambao watoto wenu huwafuga jikoni nao asili yao ni huko, na huchomwa wazima juu ya makaa siku za karamu.

Mwezi mzima, Mama, ni mwingi. Masista wana kazi yao na saa zao za sala, na binti yako hataweza kuwa mgeni pamoja nawe. Tumewaandikia hivi: wafike Jumatano, Alhamisi na Ijumaa wapumzike, Jumamosi ni nadhiri, Dominika Misa kwa Wafransisko, Jumatatu kwa Wayesuiti, Jumanne ikweta, Jumatano waende Chota wakalale Ibarra, Alhamisi warudi, wakae jioni nzima na mtoto wao, Ijumaa wapande ndege. Ni usiku tisa. Katekista amekwisha kujibu kwamba anakubali usiku saba, na kwamba ule wa Ibarra watauzungumza tena nyumbani. Mama hajajibu bado. Asisahau sweta, usiku kule ni baridi hata chini ya mablanketi mawili.