Tusikubali Kupigiwa "Dairekti"

Jamani, leo naomba nitoe dukuduku langu kuhusu neno moja la mafundi wetu: dairekti. Pasi haipati moto? Piga dairekti. Jiko la umeme limekata? Piga dairekti. Kwa asiyelijua neno hili, maana yake ni kwamba fundi amekuta kidude fulani ndani ya mashine kimekata umeme, na badala ya kuuliza kwa nini kimekata, anakiruka kwa kipande cha waya. Mashine inawaka, mteja anafurahi, fundi anakunja noti zake anaondoka. Msimamo wangu ni kwamba kwenye kitu chochote kinachotoa joto, huko si kutengeneza. Ni kumtegea mtu moto ndani ya nyumba yake, tena kwa pesa yake mwenyewe.

Nayasema haya kwa sababu ya niliyoyaona masika kwa shangazi yangu, Kisanga. Shangazi ana gesti ndogo, na kijana wake aliyeko Uingereza alimtumia kwenye kontena mashine ya kukaushia nguo, mtumba. Najua kuna watakaocheka. Mashine ya kukaushia nguo Kisanga, na jua lote hili? Anayecheka hajawahi kuwa na shuka za vitanda sita mwezi wa Aprili, mvua haikatiki wiki nzima. Shuka isiyokauka vizuri inanuka, na mgeni akishainusa harudi tena.

Basi mashine ikaanza kuzungusha nguo bila kutoa joto. Fundi akaitwa, akafungua mgongo wake, na baada ya dakika kumi akatoa hukumu: dairekti. Nikamwomba asubiri kwanza. Shangazi akanikata jicho: "Mwanangu, wewe si mwandishi wa habari? Mambo ya fundi umeyajulia wapi? Wageni wanaingia Ijumaa!"

Hebu tuitazame mashine yenyewe, maana haina uchawi. Kuna pipa linalozungushwa na mota kwa mkanda. Kuna koili inayopasha hewa moto, na feni inayoisukuma hewa hiyo ipite kwenye nguo, kwenye chujio, halafu itoke nje na unyevu kupitia bomba. Karibu na koili kuna vidude vya kulinda joto. Kimoja ni thamostati, ambayo hukata umeme joto likipanda na kuurudisha likishuka. Kingine ni mlinzi wa mwisho. Hewa isipopita na koili ikapitiliza kiwango, mlinzi huyu hukata, na kwenye mashine nyingi akishakata harudi tena mpaka abadilishwe. Kwa hiyo pipa likizunguka bila joto, mshukiwa mmoja ni huyo, na ukimkuta amekata, swali linalofuata ni hewa imekwama wapi.

Tulichomoa plagi kwenye soketi (kuzima swichi tu hakutoshi), tukapima kwa mita ya fundi mwenyewe. Koili ya wati 2,500 kwa umeme wetu wa volti 230 inatakiwa isome omu 21 hivi, na ndivyo ilivyosoma. Thamostati nzima. Mlinzi wa mwisho, kimya! Ndipo tukageukia njia ya hewa. Chujio lilikuwa limezibwa na manyoya ya mataulo, mazito kama kipande cha godoro. Nyuma, bomba lilikuwa limebanwa na ukuta hadi limekuwa bapa kama chapati. Kumbe kile kidude ndicho pekee kilichokuwa kimeliona tatizo katika nyumba ile, na ndicho kilichotaka kuhukumiwa. Tungekiruka, koili ingeendelea kuwaka katikati ya manyoya makavu, ukuta mmoja tu na vyumba wanamolala wageni.

Tusidhani haya ni maneno ya kutishana. Idara ya zimamoto ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010 mashine hizi zilihusika na matukio ya moto 2,900 majumbani kila mwaka, na sababu iliyoongoza, asilimia 34, ilikuwa kutozisafisha.

Simlaumu fundi peke yake. Mitambo ya Kidatu, ambayo si mbali na kwetu, ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, nyaya zikapita juu ya vichwa vya watu kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Vijiji vingi vilisubiri mpaka wakala wa umeme vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007. Ufundi wetu tuliurithi kwenye baiskeli, redio za betri na mashine za kusaga. Ukikosea redio ya betri, unapoteza redio. Koili ya wati 2,500 ni habari nyingine.

Halafu kuna sisi wateja. Tunamlipa fundi kitu kikiwaka tu. Akipima saa nzima na kutuambia "usiwashe hii", tunamwona tapeli! Sasa yeye watoto wake wale nini kama si dairekti? Mimi siku ile nilimlipa kwa kupima, mashine ikiwa bado mbovu, na shangazi alininunia hadi jioni. Shuka za Ijumaa zilikaushwa kwa pasi, moja moja. Kidude kipya kilipofika kutoka Dar es Salaam, fundi yule yule ndiye aliyekifunga, akasogeza mashine mbali na ukuta na kulitoa bomba nje vizuri. Kazi safi kabisa. Kumbe uwezo anao.

La mwisho, kwa wote wanaotumiwa mashine hizi na ndugu zao. Mwaka 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza kwamba mashine za kukaushia zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, zikiwemo za Hotpoint, Indesit na Creda, zinaweza kushika moto manyoya yakigusa koili. Agosti 2016 mojawapo iliwasha moto kwenye jengo la ghorofa la Shepherd's Court, London. Mwaka 2019 kampuni ikaanza kuziita zirudishwe zile ambazo zilikuwa hazijarekebishwa. Ya shangazi si mojawapo, niliangalia. Yako je? Fungua mlango wa mashine, soma namba ya modeli kwenye kibandiko, umtumie aliyekuletea aiulizie kwa mtengenezaji. Mpaka jibu lirudi, anika kibarazani na plagi ikae nje ya soketi.