Kibarua wa Nyumba Naye ni Mwenzetu



Mwezi uliopita kibarua mmoja alianguka kutoka jukwaani katika nyumba inayojengwa hapa Milimani, akavunjika mguu. Kontrakta alisema hamjui mtu huyo, maana jina lake halimo daftarini. Sisi wa reli tunaopita hapo asubuhi tukishuka stesheni tulichanga kidogo tulichokuwa nacho. Lakini baadhi ya wenzetu walikataa. Walisema, "Huyu si mtu wa reli, wala hana chama. Yatuhusu nini?"

Maneno hayo yalituuma, na ndiyo sababu leo tunawakumbusha habari za marehemu Bwana Makhan Singh.

Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Kenya mwaka 1927. Baba yake, Mzee Sudh Singh, alikuwa seremala wa reli kabla hajafungua kiwanda chake cha kupiga chapa. Basi ni mtoto wa mtu wa reli, kama watoto wetu.

Mwaka 1934 mafundi wa Kihindi walianzisha chama chao Nairobi. Mwaka 1935 Makhan Singh akawa katibu, na chama kikabadilishwa jina na mlango ukafunguliwa kwa kila mfanyakazi, awe wa rangi yoyote. Jambo hili halikuwa dogo. Siku zile watu walipangwa kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mishahara vivyo hivyo. Mwashi wa Kihindi angeweza kusema kwamba yule anayemchanganyia chokaa si mwenzake. Wengi walisema hivyo. Lakini tajiri akiwa na watu wa bei rahisi wanaongoja nje ya mlango, walio ndani watapata wapi nguvu ya kudai?

Mwezi wa Aprili 1937 mafundi wa ujenzi wa Nairobi waligoma. Waligoma siku 62. Fikirini, ndugu, miezi miwili bila mshahara, na mwenye nyumba anabisha hodi akitaka kodi yake! Mwishowe matajiri walikubali kuongeza mishahara kwa asilimia 15 mpaka 22, na kazi ikawa ya saa nane kwa siku.

Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Bwana Fred Kubai waliunganisha vyama katika shirikisho moja. Tarehe 23 Aprili 1950 alisimama katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wiki tatu baadaye wote wawili walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Serikali ya kikoloni ilimweka Makhan Singh kizuizini mpaka Oktoba 1961. Ni miaka kumi na moja na zaidi. Uhuru ulipopatikana hakupewa cheo kikubwa. Aliandika kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi, kikatoka mwaka 1969, naye akafariki mwaka 1973. Sisi tuliosoma shule za misheni tulikaririshwa majina ya Wazungu waliofika Ziwani, lakini jina la mtu huyu tulilisikia tukiwa watu wazima, tena katika mikutano ya chama.

Sasa turudi Milimani. Hatusemi michango ya watu wa reli igawanywe ovyo, la. Watu wa ujenzi wana chama chao, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chamani. Lakini kibarua anayeokotwa njiani alfajiri na kulipwa jioni, nani atamwambia hayo? Kontrakta?

Kwa hiyo katika mkutano ujao tutaomba wachaguliwe watu watatu. Waende kwenye nyumba ile saa ya chakula cha mchana na daftari, waandike majina ya vibarua, siku walizofanya kazi, na jina la anayewalipa. Daftari hilo lipelekwe kwa katibu wa chama cha ujenzi mjini. Na yule ndugu aliyeuliza yatuhusu nini, tunamwomba awe mmoja wa hao watatu.