Moto wa Chakula Chetu Kilimanjaro: Wito kwa Kila Anayepanda

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Whona, mahali wanapopumzikia wapandaji wa njia ya Marangu wakiwa kati ya kambi za Mandara na Horombo. Usiku watu wa Moshi walitoka nje ya nyumba zao wakatazama juu, wakauona mlima umevaa mkanda mwekundu. Askari wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, wanavijiji na mamia ya wengine waliojitolea walipanda kuupiga kwa mikono, na bado ulidumu zaidi ya wiki moja. Takriban kilomita za mraba 95 za uoto ziliteketea. Taarifa za awali za Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, zilieleza kwamba ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni.

Tangu hapo, tukio hilo likitajwa, lawama huwaangukia wapagazi na mazungumzo huishia hapo. Mimi huuliza swali jingine: chakula kile kilikuwa cha nani? Kwa desturi ya safari za mlimani, mpagazi hapashi chakula njiani kwa sababu yeye ana njaa. Anapasha kwa sababu kuna mtu amelipia mlo wa moto wa mchana, kuna mwandalizi aliyeuahidi, na kuna mpishi aliyeagizwa uwe tayari wageni wakifika. Anayeshika kiberiti ni wa mwisho katika msururu huo, na ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote. Kwa hiyo wito huu nauelekeza kwanza kwako wewe unayekula.

Nasema wewe, msomaji wa Kiswahili, kwa sababu mlima si wa wageni wa kutoka ng'ambo peke yao tena. Kila Desemba, kuelekea sikukuu ya Uhuru tarehe 9, vikundi vya wafanyakazi, wanafunzi, waumini na marafiki hupanda kwa fahari kuikumbuka siku ile ya mwaka 1961 Alexander Nyirenda alipoisimamisha bendera na Mwenge kileleni. Wengine hutoka Nairobi, Kampala na Kigali kuja kutembea na sisi. Ni jambo jema, na natamani liongezeke. Lakini tukiwa wengi zaidi kambini, majiko nayo yanakuwa mengi zaidi, na hatuwezi kuendelea kula kana kwamba namna chakula kinavyopikwa haituhusu.

Kwanza tuelewe ni mahali gani pale. Ukitoka kwenye msitu mnene juu ya Mandara unaingia kwenye ukanda wa miti ya erika, ile yenye majani membamba kama sindano na ndevu za ukungu zinazoning'inia. Mvua ikikosekana kwa majuma kadhaa, majani yale yenye mafuta hushika moto upesi sana. Chini yake kuna mizizi na udongo uliojaa mabaki ya mimea, na moto ukiingia humo hutambaa bila kuonekana, kisha hutokeza mbali na pale ulipoanzia. Oktoba ni mwezi wa hatari, kiangazi kikiwa kimekausha kila kitu na vuli haijaanza. Oktoba 2022 mlima uliungua tena, safari hii upande wa kambi ya Karanga. Upepo wa mchana huko juu haukupi muda wa kukimbilia ndoo, na maji yenyewe mara nyingi yako mbali.

Hasara haiishii kwenye miti. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto wa kurudiarudia umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na kwamba msitu ule wa juu hukamata ukungu na kuugeuza matone yanayoingia ardhini. Watu wengi huililia theluji ya kilele cha Kibo, nami naililia. Lakini maji tunayopoteza kwa kuchomeka kwa msitu ni mengi kuliko yale ya barafu inayoyeyuka. Hayo ndiyo maji ya mifongo, ile mifereji ya Wachagga, ya migomba ya Marangu, Machame na Kibosho, ya mto Pangani na bwawa la Nyumba ya Mungu. Mama anayemwagilia mboga huko Kahe hana habari kwamba wewe uko Horombo unasubiri supu, ila mboga zake zinategemea ukungu ule.

Basi ombi langu la kwanza ni hili: achana na mlo wa moto njiani. Kati ya kambi na kambi, kula chakula kilichopikwa asubuhi. Chapati, mayai ya kuchemsha, viazi, kuku wa kuchoma, ndizi mbivu, karanga, na chai ya tangawizi kwenye chupa inayohifadhi joto. Mtu aliyetembea kwa saa nne atakula chapati ile kwa hamu kubwa. Mwambie mwandalizi wako mapema, kabla hamjafika getini, kwamba hutaki mtu yeyote awashe jiko mahali pa kupumzikia kwa ajili yako. Ukisema hivyo umemwondolea mpishi deni ambalo asingethubutu kulikataa mwenyewe. Anayekutumikia hatakwambia kwamba jiko hapa ni hatari. Atakuwashia tu, kwa sababu bakshishi yake iko mikononi mwako.

Ombi la pili linahusu jiko lenyewe. Kuni haziruhusiwi kukusanywa wala kuchomwa mlimani, na mkaa hauna nafasi pale. Pikeni kwa gesi, kambini, ndani ya hema la jiko lililosimikwa kwenye udongo mtupu, mbali na nyasi, na ndoo ya maji iwe karibu. Jiko likae juu ya jiwe bapa au ubao usiotikisika. Asubuhi yenye sakitu gesi hunyong'onyea na moto unakuwa dhaifu. Dawa yake ni kuufunika mtungi kwa blanketi usiku kucha, wala si kuusogeza kwenye moto upate joto. Namsihi kila mpishi asikubali kuharakishwa katika jambo hilo.

Sasa niseme kidogo kuhusu mapishi yenyewe, maana hapa ndipo wapandaji wapya wanapowatesa wapishi bila kujua. Kadiri unavyopanda, maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi. Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi. Kambi ya Barafu, mita 4,673, ni karibu nyuzi 85. Utayaona yanatokota sufuriani, lakini joto lile haliwezi kulainisha maharage wala kuivisha makande kama nyumbani. Maharage mekundu yasipoiva vizuri hudhuru tumbo, na tumbo likiharibika huko juu safari imekwisha. Mtu anayeagiza maharage Barafu anaagiza saa nyingi za gesi na matokeo mabaya.

Wapishi wazoefu wa Moshi wanalijua hili na wana njia zao. Maharage na nyama huchemshwa kabisa nyumbani, au hupikwa kambi za chini kwenye sufuria ya presha. Juu wanabakiza vyakula vyepesi: uji wa ulezi, supu ya maboga au karoti, mtori wa ndizi uliopondwa tayari, tambi, viazi vilivyokatwa vidogo, mayai. Ugali huiva, ukipewa muda na mkono wenye nguvu. Mwenye mwili unaozoea hewa nyembamba hana hamu ya chakula kizito, kwa hiyo orodha fupi ya vyakula inamfaa mlaji kama inavyomfaa mpishi. Maji ya kunywa nayo yaachwe yatokote kikamilifu kwa dakika tatu kabla ya kuipuliwa.

Na maji hayo hubebwa. Barafu hakuna kijito. Kila lita ya chai yako, ya supu yako na ya kunawa mikono yako imetoka bonde la Karanga ikiwa kichwani au mgongoni mwa mtu. Mzigo wa mpagazi hupimwa kwenye mizani na kikomo chake ni kilo 20, lakini maji ya Barafu huongezwa njiani, baada ya mizani. Ukitambua hivyo utaoga kidogo, utakula sahani moja badala ya tatu, na hutadai keki kwa kuwa mwenzako alipanda mwaka jana akapewa keki.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Usiku wa baridi, mtu aliyechoka huona hema dogo na jiko lenye joto akadhani ameshapata suluhisho. Tafadhali, ndugu zangu, msiingize jiko la aina yoyote ndani ya hema la kulala. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Jiko la gesi kwenye hema lililofungwa hutoa hiyohiyo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na nyingi kati ya hizo ni dalili za ugonjwa wa mwinuko pia. Kwa hiyo mwenzako anaweza kulalamika kichwa, mkamwambia anywe maji alale, na kumbe anavuta sumu. Hata hema la jiko liachwe mlango wazi wakati wote wa kupika. Watu wengi katika nchi zetu wamepoteza maisha kwa jiko la mkaa lililoachwa chumbani usiku. Tusiipandishe ajali hiyo mlimani.

Wale wanaoathirika kwanza na baridi hiyo ni wagumu, kama wapagazi wanavyoitwa huko. Mara nyingi wao ndio hulala ndani ya hema la jiko, kwa sababu ndilo lenye joto au kwa sababu hawakupewa jingine. Mwandalizi anayewaacha walale na majiko hafai kupewa fedha yako. Na chakula chao je? Mtu anayebeba kilo 20 kutoka Machame hadi Barafu anahitaji ugali wa kutosha, mboga, maharage au nyama, na kifungua kinywa cha kweli. Zipo safari ambazo mgeni hula vyakula vya aina tano na aliyevibeba anakula mara moja kwa siku. Sitalipamba hilo kwa maneno laini: ni aibu, na sisi Waafrika Mashariki tunaopanda na kuona tukanyamaza tunashiriki aibu hiyo. Nenda kwenye hema la jiko jioni, wasalimie kwa heshima, uwaulize kama wamekula. Wakubwa waamkie shikamoo kama ungefanya nyumbani kwao Marangu. Swali hilo likiulizwa na wateja wengi, chakula cha wagumu kitaongezeka bila mtu kusubiri kanuni mpya.

Mabaki yashuke yote. Maganda ya ndizi na ya mayai hayaozi upesi kwenye baridi ile, na kunguru na panya wa mlimani huyazoea wakaacha chakula chao. Maji machafu ya vyombo yamwagwe mbali na kijito, baada ya kuchujwa mabaki. Mifuko ya plastiki imekatazwa nchini tangu Juni 2019, hivyo fungeni vyakula kwenye vyombo vinavyotumika tena. Njiti ya kiberiti iliyozimika nayo irudi kwenye kopo lake, na wavuta sigara wasidhani kwamba wito huu hauwahusu.

Kwa walimu, wachungaji, maimamu na viongozi wa vikundi mnaoandaa safari za vijana, hata zile za karibu kama kupiga kambi kwenye msitu wa kijiji au ufukweni: wapeni vijana zamu ya jikoni. Kijana aliyeosha sufuria kwa maji ya baridi na kukaa zamu hadi jiko lipoe kabisa ndipo akaondoka, atakuwa mlinzi mzuri wa msitu kuliko aliyesikiliza hotuba. Mteueni mmoja kila siku awe wa mwisho kuondoka kambini, aguse ardhi kwa mkono pale jiko liliposimama, ahakikishe ni baridi.

Wanaotaka kupanda Desemba hii wameanza kujiandikisha na kuchanga fedha sasa. Kabla hujalipa, muulize anayekuandalia safari mambo manne: kama mtapika kwa gesi, kama mchana tutakula kilichopikwa asubuhi, kama wagumu watakula mara tatu, na watalala wapi. Asiyeweza kukujibu bila kusitasita, tafuta mwingine. Na ukiwa mlimani ukaona moshi mahali pasipo na kambi, usipite ukidhani wengine wameshauona. Mwambie kiongozi wako papo hapo ampigie askari wa hifadhi, uonyeshe ni wapi.