Kazi Gani Hii ya Kulipia?

Vijana wenzangu, sikubaliani na wanaosema waliolizwa na ule mchezo wa mtandaoni, LBL, Februari 2025 walikuwa na tamaa. Tamaa gani? Kijana kamaliza kidato cha nne, hana mtaji wa nyavu, anaambiwa akae nyumbani aangalie vipande vya sinema kwenye simu, alipwe. Yeye aliiona ajira! Ila kwanza atoe kiingilio, kisha alete wenzake. Hapo ndipo penye ndoano. Mwanika dagaa wa Kibirizi hamlipi mwenye dagaa ili aanike. Ni upatu tu (si ule wa mama zetu, wanaojuana): hela ya wa kwanza inatoka mfukoni mwa anayefuata, kama DECI na "mbegu" zake mwaka 2009. Wageni wakikauka, malipo nayo yanakauka. Wala usitegemee kumjua tapeli kwa sura. Anayekuletea habari ni binamu yako wa Ujiji, keshalipwa mara mbili, anaapa kabisa. Na sisi waandishi tumetegewa chambo chetu: "Chapa miswada nyumbani, ada ya usajili elfu ishirini." Mwulize huyo bosi kwa nini asiikate kwenye mshahara wako wa kwanza. Atakata simu.