Tupunguze Dawa ya Shaba Kwenye Viazi

Wakulima wa viazi mviringo wa Mgeta, Nyandira na Bunduki wanaujua vizuri ugonjwa wa baka jani. Ukungu ukitanda milimani siku mbili tatu, majani hutoka madoa ya majimaji, hugeuka meusi, na shamba hunuka uozo kabla juma halijaisha. Ndio ugonjwa ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Kwa hiyo simlaumu mkulima anayekimbilia bomba la mgongoni.

Lakini wapo wanaoamini kwamba, kwa kuwa dawa ya shaba inaruhusiwa katika kilimo hai, basi haina madhara na yafaa ipigwe kila juma, mvua ije isije. Hapo sikubaliani nao. Shaba imeruhusiwa kwa sababu mkulima wa kilimo hai hana dawa nyingi za kuzuia ugonjwa huu, wala si kwa sababu ni salama kama maziwa.

Wazee waliujua mrututu, yale mawe ya buluu yaliyosagwa na kutiwa kwenye vidonda. Mrututu ni chumvi ya shaba. Mwaka 1885 Mfaransa Pierre Millardet alieleza jinsi ya kuuchanganya na chokaa ili kuokoa mizabibu, na baadaye mchanganyiko huo ukatumika kwenye viazi na nyanya. Mtu akiumeza hutapika na tumbo humkata. Ukizidi huharibu ini na figo. Huko Ureno, mwaka 1969, madaktari walieleza ugonjwa wa mapafu uliowapata watu waliovuta manyunyu ya dawa hiyo kwa miaka mingi katika mashamba ya zabibu.

Tena shaba ni madini, haiozi. Inayoanguka shambani leo wajukuu wataikuta. Watafiti waliokagua mashamba ya kahawa ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuta shaba imejilimbikiza katika udongo wa juu baada ya kupulizwa miaka mingi. Ikizidi, nyungunyungu hupungua, na udongo wenye uchachu huathirika zaidi. Na kwetu Uluguru ni mteremko. Udongo huchukuliwa na mvua hadi mto Mgeta, nao huingia Ruvu, ambako Dar es Salaam hupata maji. Sisemi watu wa Dar es Salaam wanakunywa sumu yetu. Mto ni mkubwa na maji husafishwa. Nasemea mfereji ulio chini ya shamba, ambako mama huchota maji, mtoto huoga, na bomba huoshwa hapo hapo.

Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kikomo mwaka 2019: kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Kwa ekari moja ni kama kilo 1.6. Ikiwa nusu ya unga wa dawa ni shaba, hiyo ni kilo 3 na kidogo za unga kwa mwaka mzima, misimu yote pamoja. Anayelima misimu miwili au mitatu na ajipigie hesabu.

Zahanati hatumpi mtu dozi ya malaria kila Jumatatu eti kwa kuwa mbu wapo. Tunapima kwanza. Shambani nako iwe hivyo. Shaba haiponyi jani lililokwisha kuugua. Hukaa juu ya jani na kuzuia vimelea visiingie. Kupuliza shamba lililokwisha kuwa jeusi ni kumwaga fedha. Jua likiwaka na majani yakikauka, subiri. Baridi na manyunyu yakikaribia, au madoa yakionekana kwa jirani, hapo ndipo bomba lina kazi.

Kabla ya bomba kuna jembe. Panda mbegu safi ya aina inayostahimili ugonjwa, kama Sherekea iliyotolewa Kenya. Acha nafasi upepo upite. Ng'oa maotea ya msimu uliopita, fukia viazi vilivyooza, wala usipande viazi kando ya nyanya, maana ugonjwa wao ni mmoja. Shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, lenye makao Morogoro, limekuwa likifundisha kilimo hai huku milimani, na kwao pa kuuliza papo.

Ila jambo hili lisije kwa amri. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo walipinga matuta ya kulazimishwa na serikali ya kikoloni. Afadhali bwana shamba na kijiji watenge kipande kimoja cha viazi: nusu ipulizwe kila juma, nusu kwa kufuata hali ya hewa, kisha magunia yapimwe mbele ya watu wote.

Anayepuliza avae mikono mirefu, viatu vya mpira, miwani na kitambaa puani, aupe upepo mgongo, na asile kabla ya kunawa kwa sabuni. Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Aletwe zahanati upesi, pamoja na pakiti ya dawa.