Kabla ya Kung'oa Mzizi, Tazama Matawi

Wanakiswahili wenzangu, siku hizi kuna vijana wanaojigamba ati wameng'oa systemd kwenye Linux zao. Nauliza: mlitazama matawi kabla ya kung'oa mzizi?

Tarakilishi ya Linux ikiwashwa, programu ya kwanza kuamka hupewa nambari 1. Hiyo ndiyo huziamsha nyingine. Systemd ilitangazwa mwaka wa 2010, na Debian ikaifanya chaguo la kawaida katika toleo la 8, mwaka wa 2015. Waliopinga walikuwa wameshajitenga mwaka wa 2014, wakaanzisha Devuan.

Basi tatizo liko wapi? Systemd haiamshi tu. Sehemu yake iitwayo logind huweka hesabu ya nani ameingia, na nani ana ruhusa ya kuzima mashine au kutumia kadi ya sauti. GNOME huitegemea. Ukiing'oa bila kuweka elogind mahali pake, usishangae kitufe cha kuzima kikigoma na sauti ikinyamaza jii! Tena programu nyingi za huduma huja na faili za systemd pekee. Hati za mtindo wa zamani utajiandikia mwenyewe.

Sisemi tusijaribu, la hasha! Uhuru wa kuchagua ndio utamu wa Linux. Lakini jaribu kwenye mashine yako, si ile ya maabara inayongojewa na darasa zima. Nao waundaji wa programu wasiifungie kazi yao kwa mfumo mmoja, kwani uhuru usiotumika ni jina tu. Wahenga hawakukosea: mwenye pupa hadiriki kula tamu.