Eti Dar Hakuna Jazz

Rafiki yangu mmoja, msomaji mkubwa wa riwaya, alinitembelea Mkuza akataka siku moja tu: mchana aone jiji, jioni asikilize jazz ya laivu. Sawa. Daladala hadi Kimara, tukahamia mwendokasi mpaka Kivukoni. Tukala samaki Feri, tukalitazama kanisa la Azania Front, tukapita sanamu ya Askari iliyosimama pale tangu 1927, tukaingia Makumbusho ya Taifa. Jioni akachungulia simu weee, mwisho akaguna: "Dar hakuna jazz bwana."

Niliudhika, na bado nina hasira.

Dar es Salaam Jazz Band. Western Jazz. Kilwa Jazz. NUTA Jazz, iliyokuja kuwa Juwata, halafu OTTU, leo Msondo Ngoma. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Atomic Jazz ya Tanga, Tabora Jazz. Hao wote walijiita jazz kwa bahati mbaya? Utaambiwa walichopiga ni rumba. Ni kweli, rumba imo, tena nyingi, pamoja na ngoma za kwao. Lakini neno hilo wamelitumia hapa tangu enzi za mkoloni, likapata maana yake: bendi ya magitaa na matarumbeta inayochezesha watu. Neno likishakaa kwenye Kiswahili miaka yote hiyo, nani anadai tulirudishe New Orleans?

Hilo la jina ningelisamehe. Nisilosamehe ni letu sisi wapenda fasihi. Tunabishana wiki nzima juu ya riwaya ambayo hapa Mkuza huwezi kuipata hata ukiwa na hela mkononi, ila nyimbo ambazo kila mama lishe anazijua kwa moyo hatuzihakiki. Muhidin Maalim Gurumo, mtu wa Kisarawe, Pwani yetu hii hii, aliimba NUTA Jazz, akaimba Mlimani Park, akafariki 2014. Nionyesheni insha tatu za maana tulizoandika kuhusu utunzi wake. Shaaban Robert tunamchambua mpaka nukta (na anastahili), huyu tunamwita "mwanamuziki mkongwe" basi, imetosha.

Nikamburuta rafiki yangu hadi baa moja Ilala. Viti vya plastiki, bendi ya wazee, magitaa matatu, tumba, tarumbeta mbili na saksafoni iliyochakaa. Wimbo ulianza taratibu: mume analalamika kwa shemeji yake, ubeti kwa ubeti, bila haraka. Meza ya jirani dada mmoja akamjibu mwimbaji kwa sauti, "Muongo huyo!", watu wakacheka. Hapo tu magitaa yakachemka, viti vikabaki vitupu. Ni mshairi gani wetu wa vitabuni anajibiwa namna hiyo, papo hapo?

Bendi ilipopumzika tulimfuata mpiga tarumbeta tukamuuliza nani alitunga ule wimbo. Akataja jina, akasema marehemu. Maneno yameandikwa wapi? Akatushangaa. Hayajaandikwa popote, akasema, anayo yeye na yule mwimbaji. Rafiki yangu akatoa kalamu, lakini mzee alikuwa ameshaitwa jukwaani, na sisi gari la mwisho la Kibaha lilikuwa linatusubiri.